Kichwa cha Nje

Ipo nchi moja iitwayo Mbali, na msihangaike kuitafuta kwenye ramani, kwa maana wachora ramani wenyewe huikana. Katika nchi ya Mbali hakuna ubaguzi wa rangi. Ulifutwa Jumanne moja saa nne asubuhi kwa tangazo la serikali, na ilipofika saa sita mchana ofisi zote zilikuwa zimeripoti kwamba umekwisha. Tangu siku hiyo, mtu akilalamika kuwa kabaguliwa, huulizwa kama ilikuwa kabla ya saa sita au baada yake. Akisema baada, anaonyeshwa tangazo na kuombwa afunge mlango akitoka.

Huko ndiko alikozaliwa Ngwali Masudi, mtu mweusi, mjukuu wa watu weusi walioitwa waje Mbali kujenga reli na kusahauliwa reli ilipokwisha. Kwa misimu kumi na sita Ngwali alikuwa nahodha wa Wafua Vyuma, klabu ya mji wake. Alifunga mabao tisini na mawili, arobaini na moja kati ya hayo kwa kichwa. Alipotundika daluga akasomea ukocha, akapata cheti cha kwanza, cha pili na cha tatu, na kila darasa alilokaa alikuwa wa kwanza. Hakuwa na tamaa nyingi. Alitaka kitu kimoja tu, kuifundisha Wafua Vyuma, na alikitaka kiasi kwamba akipita karibu na uwanja alikuwa anageuza uso.

Sasa, ukitazama mechi yoyote ya Mbali utaona wachezaji weusi saba au wanane wanakimbia uwanjani. Ukihamisha macho kidogo ukatazama benchi la makocha, utaona weupe watupu. Baraza la Kandanda liliwahi kuulizwa kuhusu jambo hili. Likaunda tume, tume ikakaa miaka miwili, ikaripoti kwamba benchi liko kivulini, na watu wanaokaa sana kivulini hupauka. Ripoti ikapokelewa kwa makofi.

Wafua Vyuma walipotangaza nafasi ya kocha, kwa mara ya sita katika miaka mitatu, Ngwali alilikata tangazo gazetini akalisoma na mkewe mezani. Mwombaji awe na vyeti vitatu. Awe anaipenda klabu. Awe na uzoefu, yaani awe amewahi kufukuzwa kazi ya ukocha angalau mara moja.

Mkewe aliitwa Sikudhani, na pamoja na jina hilo hakukuwa na kitu ambacho hakukidhania. Alikisoma kile kipengele cha tatu mara mbili, akasogeza miwani.

"Baba Zena, ili ufukuzwe si lazima kwanza uajiriwe?"

Ngwali akasema huenda kuna utaratibu wake. Sikudhani akasema hapo ndipo anapopaogopea, kwenye utaratibu.

Aliomba, akaitwa. Usaili wa Mbali hufanyika mbele ya Pazia la Haki. Ni pazia zito lililoshuka kutoka darini mpaka sakafuni. Mwombaji hukaa upande huu, wasaili upande ule, ili mtu asimwone mtu na rangi isiingie katika mazungumzo. Sehemu moja tu ilitobolewa, usawa wa meza, tundu la kutosha mkono, na humo mwombaji hupitisha mkono kabla ya yote ili asaini kuwa amehudhuria.

Ngwali akapitisha mkono. Upande wa pili kukawa kimya, kimya cha mtu aliyekuta unywele kwenye mchuzi. Kisha ikasikika sauti nene iliyochangamka, sauti ya Mheshimiwa Hambeldoni, mwenyekiti wa jopo.

"Karibu sana. Tumesikia una mapafu mazuri."

Wakamhoji saa mbili nzima. Ngwali alieleza jinsi timu inavyoweza kurusha mpira kuelekea lango lake yenyewe ili kuwavuta wapinzani, kisha ikatokea nyuma yao, mbinu aliyoiita Mlango wa Uani. Akaeleza namna ya kuikunja safu ya kiungo kama mama anavyokunja shuka, pembe kwa pembe. Kila alipofika pazuri, sauti ilimwomba arudie taratibu, na nyuma ya pazia alisikia kalamu ikikwaruza karatasi. Moyo wake ulijaa. Hakuna mtu aliyewahi kuandika alichosema.

Jibu lilitolewa baada ya dakika tano. Mheshimiwa Hambeldoni alieleza kwa masikitiko kwamba Baraza lina Daftari la Sifa, ambamo huandikwa kila sifa inayotamkwa na watangazaji wa redio na televisheni juu ya kila mchezaji. Walikuwa wamepekua kurasa zote za Ngwali. Mapafu, mara mia tatu na kumi na mbili. Mapaja, mia mbili na tisini. Mbio, mara nyingi mno kuhesabika. Ukaja upande wa kichwa, hapakuwa na kitu.

"Nimefunga mabao arobaini na moja kwa kichwa," alisema Ngwali.

"Hayo tunayo, tena tunayaheshimu. Lakini hicho, Bwana Ngwali, ni kichwa cha nje. Ukocha unahitaji kichwa cha ndani."

Wakampa badala yake nafasi ya balozi wa klabu, kazi yake kusimama mlangoni siku za mechi na kuwapa wageni mkono. Alipouliza kama kuna wengine, aliambiwa klabu ina mabalozi kumi na mmoja tayari, wote wachezaji wa zamani, na kwa bahati tu wote walikuwa weusi. Ngwali akawashukuru, akakataa, akaenda nyumbani kwa miguu ingawa mvua ilikuwa inanyesha.

Kazi alipewa Bwana Pimbertoni. Huyu alikuwa ameshafukuzwa na klabu nne, mbili kati ya hizo alizishusha daraja kwa mkono wake mwenyewe, na kwa hiyo uzoefu wake ulikuwa haupingiki.

Wiki ya pili Ngwali na Sikudhani walikuwa sebuleni wanatazama mechi. Wafua Vyuma walipata mpira wa kurusha. Beki akaurusha nyuma, kuelekea lango lao. Wapinzani wakaja mbio kama nzi, na mara mpira ukatokea mgongoni mwao, bao. Mtangazaji nusura adondoke kitini. Akasema mashabiki wanashuhudia kichwa cha Bwana Pimbertoni kikifanya kazi.

Sikudhani alimtazama mumewe, mumewe akatazama televisheni.

"Watu wawili wanaweza kuota ndoto moja," alisema Ngwali.

"Wanaweza," alisema Sikudhani. "Ila mmoja ndiye anayelala."

Wafua Vyuma walishinda mechi tano kwa mbinu hiyo. Wapinzani walipoizoea, Wafua Vyuma wakafungwa mechi nne mfululizo. Ndipo Ngwali akapata barua kutoka klabuni. Ilisema kwamba nafasi ya kocha haipo, lakini klabu ingefurahi kumsaili tena kwa ajili ya nafasi inayoweza kuja kutokea. Sikudhani alisema hajawahi kuona bwana harusi anayeitwa kutoa mahari na bibi harusi hayupo. Ngwali akaenda, maana mwenye njaa hata mlango ukisukumwa na upepo huinua macho.

Akasailiwa. Akasema aliyoyasema mwanzo na zaidi. Kalamu ikakwaruza. Jibu likawa lile lile, kichwa cha nje, na safari hii wakamwongezea kalenda ya klabu. Siku nne baadaye Bwana Pimbertoni alizungumza na waandishi wa habari, akatamba kwamba sasa ataikunja safu ya kiungo kama mama anavyokunja shuka, pembe kwa pembe.

Ngwali alikuwa amesimama mbele ya televisheni, akakaa. Maneno hayo yalikuwa ya mama yake, marehemu, aliyefua na kukunja shuka za hospitali kwa miaka thelathini, na Ngwali alikuwa hajapata kuyasikia kwa mtu mwingine yeyote. Bwana Pimbertoni alikulia katika nyumba yenye wafanyakazi tisa. Ngwali alikasirika, lakini zaidi ya hasira aliona haya, kama mtu aliyegundua kwamba muda wote amekuwa akiimba karibu na dirisha la watu.

Tangu hapo akawa anashuku kila kitu. Akasikia karani wa posta anaandika, anashuku. Akaulizwa dukani anapenda mkate gani, akajibu kwamba atafikiria. Sikudhani ndiye aliyemtuliza. Alisema shaka bila jaribio ni homa, na kwamba mwizi wa sufuria hukamatwa kwa kuachiwa sufuria iliyotoboka.

Barua ya tatu ilipokuja, walikuwa tayari. Sikudhani alifuga kuku uani, na mbinu yenyewe aliipata kwa kumtazama mmoja wao akiwa kwenye mayai. Ngwali alikaa mbele ya pazia, akapitisha mkono, akasaini, akavuta pumzi. Akaliambia jopo kwamba ameigundua siri ya kuzuia kona. Mpira wa kona unapopigwa, wachezaji wote kumi na mmoja, kipa akiwemo, wachuchumae, wafiche mikono nyuma, wabane viwiko ubavuni. Mpinzani atababaika, kwa kuwa hatakuwa na mtu wa kumrukia. Mbinu inaitwa Kuku Anaatamia.

Ngwali aliuma ulimi asicheke.

"Wachuchumae mpaka chini?" iliuliza sauti.

"Mpaka chini, Mheshimiwa. Anayebaki wima anaharibu."

"Hebu rudia hapo kwenye viwiko. Taratibu."

Na kalamu ikakwaruza.

Jumamosi ile Wafua Vyuma walicheza na Wasaga Unga. Dakika ya kumi na mbili Wasaga Unga walipata kona. Bwana Pimbertoni alisimama kivulini pake, akapiga filimbi kwa vidole, na timu nzima ya Wafua Vyuma ikachuchumaa kwenye matope, mikono nyuma. Mshambuliaji wa Wasaga Unga aliwatazama kwa huruma, akausukuma mpira wavuni kwa goti. Ilikuwa hivyo tena dakika ya thelathini, na tena dakika ya sabini.

Sikudhani alicheka mpaka machozi yakamtoka. Ngwali alicheka naye bao la kwanza. Bao la pili kamera ilimsogelea Halfani Tindo, beki wa kati ambaye Ngwali mwenyewe alimfundisha kucheza alipoingia klabuni. Halfani alikuwa amechuchumaa, mvua inamchirizika usoni, macho yake kayatupa chini. Mtangazaji alisema mbinu ya kocha ni ya hali ya juu mno, tatizo ni kwamba wachezaji hawa wana mapaja ya kuchuchumaa lakini hawana kichwa cha kuelewa kwa nini wanachuchumaa. Ngwali aliinuka akazima televisheni. Mtego ulikuwa wake, waliotumbukia ni ndugu zake.

Kesho yake Halfani alikuja, akakaa ukingoni mwa kochi kama mtu aliyefika msibani. Ngwali hakuficha. Alimweleza yote, pazia, kalamu, kuku, akamwomba radhi.

"Kaka, sisi tulijua ni upuuzi," alisema Halfani. "Hata kipa alijua. Lakini tungebaki wima wangesema hatufundishiki."

Jumatatu Ngwali alivaa koti lake zuri akaenda Baraza la Kandanda kushtaki. Alikuwa na ushahidi, maana nani mwingine duniani angeweza kubuni kitu kama kile? Aliandika maelezo kurasa tatu, akachora na kuku.

Baraza lilishughulikia shauri lake kwa haraka isiyo na mfano katika historia ya Mbali. Bwana Pimbertoni alifukuzwa Jumanne. Alhamisi aliteuliwa kuwa kocha wa timu ya taifa, kwani sasa alikuwa amefukuzwa mara tano na hapakuwa na mwenzake nchini. Ijumaa barua ya Ngwali ikafika, imepigwa mihuri mitatu. Sikudhani aliisoma kwa sauti.

"Kocha Ngwali Masudi. Baraza limeridhika pasipo shaka kwamba mbinu iitwayo Kuku Anaatamia ni yako, na kwamba imeifedhehesha klabu ya Wafua Vyuma. Kwa hiyo, kuanzia leo, umefukuzwa."

Sikudhani aliishusha barua, uso umemsawijika. Lakini mumewe aliomba aisome tena ile mistari, hasa neno la kwanza. Kocha. Ilikuwa imeandikwa, imepigwa mihuri. Kisha akaomba airudie na ile ya mwisho, na hapo Sikudhani akaelewa. Wakatazamana. Mumewe alikuwa na vyeti vitatu, alikuwa anaipenda klabu, na sasa alikuwa amefukuzwa.

Nafasi ilitangazwa wiki iliyofuata, ikiwa mara ya saba. Ngwali alikwenda na barua yake kwenye bahasha. Akapitisha mkono kwenye tundu, akasaini, akarudisha mkono, akaupitisha tena ukiwa na barua. Nyuma ya pazia karatasi ilipita mkono kwa mkono. Alisikia minong'ono, alisikia kurasa za kanuni zikifunuliwa kwa pupa, mtu mmoja akiuliza kama kuna kufukuzwa kwa nje na kufukuzwa kwa ndani, na mwingine akijibu kwamba kanuni hazisemi.

Hatimaye Mheshimiwa Hambeldoni alikohoa. Alisema jopo limeridhika na uzoefu wa mwombaji. Limebaki swali moja tu la kukamilisha utaratibu, nalo ni hili: angeifufua vipi timu?

Ngwali akasikia kifuniko cha kalamu kikifunguliwa.

"Leteni mkataba nisaini," alisema. "Nikishasaini nitajibu."

"Utaratibu unataka jibu kwanza."

"Basi nasubiri utaratibu ubadilike."

Mheshimiwa akamkumbusha kwamba kwa kanuni za Mbali mwombaji haruhusiwi kuondoka bila kujibu, wala jopo haliruhusiwi kuondoka bila kujibiwa. Ngwali akasema hana haraka. Akavua koti, akalitundika nyuma ya kiti.

Zikapita siku, siku zikawa wiki. Wasaili waliletewa magodoro kwa mlango wa nyuma. Sikudhani alileta chakula kila mchana, wali na mchuzi, na harufu ilipita tunduni ikawatesa wenzao wa upande wa pili. Timu ilikuwa haina kocha, na jioni baada ya mazoezi wachezaji wakaanza kuja, kwanza Halfani peke yake, kisha watano, kisha wote, weusi na weupe, wakikaa sakafuni kumzunguka Ngwali. Hapo Ngwali aliwafundisha, kwa kunong'ona. Alichora kwa chaki chini ya viti. Upande wa pili wa pazia jopo zima lilitega masikio, kalamu ikiwa hewani, na halikuambulia neno.

Wafua Vyuma walishinda mechi saba mfululizo, na nchi nzima ikawa inaulizana timu hii inafundishwa na nani. Waandishi wa habari waliposongamana mlangoni, Baraza lilikutana kwa dharura. Kusema ni Ngwali hakuwezekani, kwa sababu Ngwali hajaajiriwa. Kusema hakuna kocha hakuwezekani, kwa sababu ushindi bila kocha ungeharibu soko la makocha. Wakachunguza nani mwingine amekuwepo karibu na timu kila jioni bila kukosa. Wakapata.

Tangazo lilisomwa saa nne asubuhi, siku ya Jumanne. Kocha mpya wa Wafua Vyuma, kwa mkataba wa miaka mitatu, ni Pazia la Haki. Mtangazaji wa televisheni alisema alikuwa ameshaona muda mrefu kwamba Pazia ni tulivu, halipayuki, na lina kichwa cha ndani.

Mafundi walipokuja kulishusha ili wakalitundike kwenye benchi, wachezaji wakiwa wamekaa sakafuni, Ngwali na jopo wakaonana uso kwa uso kwa mara ya kwanza. Mheshimiwa Hambeldoni alikuwa mzee mfupi mwenye vidole vilivyojaa wino. Alimsalimia Ngwali kwa bashasha, akamwambia klabu haijamsahau. Pazia lingehitaji msaidizi, mtu anayeijua timu, wa kulifua na kulikunja baada ya kila mechi, na wao wanajua anatoka katika familia yenye ujuzi wa kukunja.

Pale nyuma Sikudhani alikuwa amesimama na sufuria, anangoja kusikia mumewe atasema nini.

"Mheshimiwa, naomba kuuliza jambo moja. Pazia hili limewahi kufukuzwa mahali?"

"Aa, hapana," alisema Mheshimiwa Hambeldoni, akilipapasa kwa mapenzi. "Hilo tutalilea lipate uzoefu hapa hapa kazini. Unajua, kuna wengine ukiwatazama tu unaona wanafaa."

Ngwali akachukua koti lake, akachukua barua yake yenye mihuri mitatu, akampokea mkewe sufuria. Halfani akasimama kumfuata, kisha wengine, mmoja mmoja, hadi sakafu ikabaki tupu. Jumamosi iliyofuata Wafua Vyuma walifungwa sita, na gazeti likaandika kwamba wachezaji wamemwangusha kocha.

Nami nimesimulia yote haya nikasahau kitu kimoja kidogo, mnisamehe. Sikuwaambia lile pazia ni la rangi gani. Ni jeupe.